Uzi: Kangaja wa madoa kwenye tangi la matumbawe, kuanzia karantini mpaka vita na kangaja wa zambarau

Mkia_Njano:
Wakuu habari zenu. Huu uzi niliuahidi zamani na kila nikianza kuandika napitiwa, leo nimekaa ngoja nimwage yote. Mada ni kangaja wa madoa, Zebrasoma gemmatum, yule mweusi mwenye vidoa vyeupe mwili mzima kama amepita chini ya mtu anayepaka chokaa, halafu mkia wa njano. Kwa wageni, kangaja ndio hao hao watu wa matangi wanawaita tang. Msimchanganye na lile chenza dogo, majina yamegongana tu. Ana kisu pande zote mbili za shina la mkia, kinajikunja na kukunjuka, na ukimkamata kizembe utajua kwa nini wazungu wamemwita daktari wa upasuaji.

Wangu ninaye mwaka wa tatu sasa. Kabla yake niliua samaki watano ndani ya siku tisa kwa ujinga wangu mwenyewe, na hiyo nitaieleza bila kujificha maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilifanya yote yaliyofuata.

Kwanza huyu samaki kwa nini adimu. Anakaa magharibi mwa Bahari ya Hindi peke yake, yaani Mauritius, Réunion, Madagaska, Msumbiji na Afrika Kusini basi. Na huko kwenyewe hakai juu juu, wengi wako kwenye kina kirefu kidogo na wanashuka mpaka kama mita 60, sasa mzamiaji akimnasa hawezi kumpandisha kama anachota maji kisimani, kibofu cha hewa cha samaki kinatanuka jinsi anavyopanda na kinaweza kumuua, kwa hiyo apandishwe pole pole au atobolewe kwa sindano na mtu anayejua anachofanya. Hapo ndio uadimu wake unapotoka. Hayuko hatarini kutoweka, kwenye orodha ya IUCN, shirika la uhifadhi wa viumbe duniani, yupo kundi lenye wasiwasi mdogo kabisa, ni kumfikia tu ndio shughuli.

Naendelea chini, msifunge siti.

Dogo_Sampu:
Nimekaa mbele kabisa mkuu, shusha.

Fundi_Pampu:
Mkuu kabla hujaendelea, tangi lako ukubwa gani? Maana watu wakisoma nyuzi kama hizi kesho wanamtia kwenye kibakuli.

Mkia_Njano:
Swali zuri. Tangi langu ni la sentimita 180 urefu, maji kama lita 500 bila kuhesabu sampu, lile tangi la chini la kuchujia maji. Na hapo mimi naita mwanzo, sio anasa. Huyu akikua anafika kama sentimita 22 na anaogelea kutwa nzima, kwenda kurudi kwenda kurudi, hatulii kama samaki wa anemoni anayekaa sehemu moja kama mlinzi. Watu wanaangalia lita, mimi nasema angalia urefu wa kioo. Tangi refu jembamba linamfaa kuliko refu kwenda juu. Na mkondo uwe mkali, nina pampu mbili za mawimbi zinapishana, na oksijeni iwe ya kutosha, kangaja wanavuta hewa nyingi sana, skima yangu, ile mashine ya mapovu, kazi yake nusu ni kutoa uchafu na nusu ni kuingiza hewa. Na ufunike juu kwa wavu, akishtuka usiku anaruka.

Vipimo kwa wale wanaopenda namba: joto 25 hadi 26, chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganisha na maji matamu), alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) 8 na kitu, nitreti naiacha kati ya 5 na 10, fosfeti chini ya 0.1. Samaki mwenyewe hana shida sana na hizo mbili za mwisho, ni matumbawe ndio yanalia.

Sasa tuje kwenye ujinga.

Nilikuwa na tangi limetulia, matumbawe yanakua, samaki sita. Nikapata kangaja wa njano mzuri sana, mnene, anakula mbele ya macho yangu, nikasema huyu mzima kabisa, karantini ya nini. Nikamtia moja kwa moja. Siku ya nne vidoa vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi. Siku ya sita wote wanajikuna kwenye mawe. Siku ya tisa amebaki kangaja wangu wa zambarau na samaki mmoja wa anemoni, wengine wote nimewatoa kwa kikombe. Yule wa njano mwenyewe alikufa wa pili.

Ule ni Cryptocaryon irritans, madoa meupe ya baharini. Na kangaja ndio anaanza kuupata kabla ya wengine wote, wana magamba madogo sana na ute wao ni mwembamba, kile kimelea kinapenya kama mlango haujafungwa.

bi_mwani:
Pole sana kaka. Mimi yalinikuta hayo hayo, sikugusa tangi miezi minne.

Kitunguu_Swaumu:
Mkuu samahani lakini hapo ungewawekea kitunguu saumu kwenye chakula na kamba msafishaji wawili, mbona yanaisha. Mimi wangu waliota madoa wiki moja yakatoka yenyewe.

Mkia_Njano:
Hahaha mkuu hata jina lako limejibu. Ngoja nikueleze taratibu maana hili ndilo limeua samaki wengi kuliko ugonjwa wenyewe.

Yale madoa "kutoka yenyewe" ni sehemu ya maisha ya kimelea. Kinakaa kwenye samaki siku 3 hadi 7 kinakula, kikishiba kinadondoka. Wewe unaona samaki amekuwa msafi unafurahi, kumbe kimeshuka chini kwenye mawe na mchanga kimejitengenezea kifuko, na ndani ya kile kifuko kinajigawa mpaka mamia. Vifuko vinapasuka kwa nyakati tofauti, kingine siku ya tatu, kingine wiki ya nne, na kuna vilivyorekodiwa vikichukua mpaka siku 72. Wakitoka wanatafuta samaki, wakimkosa kwa siku moja mbili wanakufa. Kwa hiyo wewe wiki moja ulikuwa kwenye mapumziko ya mechi, kipindi cha pili bado.

Kitunguu saumu kinaweza kumfanya samaki apende chakula, sawa, ila hakiui kitu. Kamba msafishaji anadokoa dokoa ngozi ya nje, kimelea kiko chini ya ngozi. Taa ya UV inapunguza wale wanaoelea wanaopita kwenye bomba, waliobaki hawana habari nayo.

Kinachofanya kazi ni kuwatoa samaki WOTE uwatibu pembeni, na tangi kubwa likae bila samaki hata mmoja siku 76. Mimi nililiacha hivyo. Siku 76 unaangalia mawe na konokono. Familia wanakuuliza hilo tangi la nini.

Fundi_Pampu:
Siku 76 bila samaki, matumbawe hayakufa?

Mkia_Njano:
Hayakufa, yalinenepa. Nilikuwa natupia chakula kidogo ili nitreti isifike sifuri, taa na madini kama kawaida.

Sasa kipengele ambacho naomba mtu yeyote anayemtaka huyu samaki akisome mara mbili. KANGAJA WA MADOA ANA MADOA MEUPE. Umeelewa nilichosema? Ugonjwa mkubwa kuliko yote kwa kangaja unaonekana kama vidoa vyeupe, na huyu amezaliwa navyo mamia. Wa njano nilimuona siku ya nne, huyu ungemuona siku ya mwisho. Ndio maana mimi nasema kwa huyu samaki hakuna "ngoja tuone akiumwa tumtibu". Hutaona. Unamtibu kabla, mzima au mgonjwa.

Ukitaka kumkagua usiangalie mwili, angalia mkia wake wa njano na yale mapezi ya pembeni yanayopitisha mwanga, hapo doa geni linajionyesha. Halafu hesabu anavyopumua. Mimi nilikuwa na daftari, kila asubuhi kabla sijawasha taa nahesabu mashavu yanafunguka mara ngapi kwa dakika, baada ya wiki unajua yake ya kawaida ni ngapi, ikipanda ghafla kuna kitu. Na akisimama mbele ya pampu uso kwenye mkondo muda mrefu, hapo usilale, huenda ni ule ugonjwa mwingine wa vumbi la dhahabu, Amyloodinium, ule unamaliza tangi siku mbili tatu, mara nyingine vumbi lenyewe hata halijaonekana maana unaanzia kwenye mashavu.

Dogo_Sampu:
Aisee hii ya madoa kufanana na ugonjwa sikuwahi kuifikiria. Nimeshangaa mpaka nimeisoma tena.

Mkia_Njano:
Hata mimi niliifikiria nikiwa nimeshaagiza, ndio nikatoa jasho.

Haya, siku aliyofika. Alikuwa wa kama sentimita 8, ndani ya mfuko zaidi ya saa 30. Hapa kuna mjadala na najua mtanirukia. Mimi sikumdondoshea maji ya tangi kidogo kidogo kwa mpira kwa masaa matatu ayazoee, kama tulivyofundishwa. Nilichofanya ni kufungua mfuko, kupima chumvi, nikakuta 1.020, tangi la karantini nilikuwa nimeliandaa liko hapo hapo 1.020, joto limefanana, nikamhamisha moja kwa moja ndani ya dakika chache, maji ya mfuko nikamwaga.

Mzee_Akwariamu:
Hapo kijana sikubaliani na wewe. Mimi nafuga tangu kabla ya taa za LED, nimedondoshea maji samaki wote na wameishi. Kumrusha hivyo ni kumshtua.

Mkia_Njano:
Mzee wangu shikamoo. Naheshimu, na kwa samaki wa safari fupi sina ubishi, dondoshea tu. Ila wa safari ndefu kuna kitu kinatokea ndani ya mfuko. Samaki anapumua, kaboni dayoksaidi inajaa, pH inashuka, na wakati huo huo anatoa amonia. Kwa kuwa pH iko chini ile amonia inakaa kwenye hali ambayo haina sumu kali. Ukifungua mfuko gesi inatoka, pH inapanda, na ile amonia yote inageuka sumu, na yeye yumo humo anasubiri umdondoshee maji masaa matatu. Yaani unampikia supu taratibu.

Kwenye chumvi samaki anavumilia kushushwa ghafla kuliko kupandishwa. Kwa hiyo nikaandaa maji yangu yafanane na ya mfuko, halafu nikapandisha 0.001 au 0.002 kwa siku mpaka 1.025.

Mzee_Akwariamu:
Marahaba. Hiyo ya amonia nimeielewa, hukuieleza mwanzo. Ila ungejuaje chumvi ya mfuko kabla haujafika?

Mkia_Njano:
Nilimuuliza aliyenitumia, mzee. Nilimpigia nikamuuliza unawaweka kwenye chumvi ngapi. Akaniambia. Na pembeni nikawa na ndoo ya maji safi na ndoo ya maji ya chumvi kali, ikitofautiana nirekebishe haraka.

bi_mwani:
Tangi la karantini lilikuwaje kaka? Weka wazi maana wengi tunadhani ni tangi lingine la gharama.

Mkia_Njano:
Hapana dada, ni kitu kibaya kutazama. Tangi la kioo tupu, lita 150 hivi, chini hakuna mchanga, hakuna jiwe hata moja maana mawe na mchanga vinanyonya shaba, ile dawa ya kuua kimelea, na hutajua umebakiwa na kiasi gani. Hita, kipimajoto, pampu ndogo ya hewa, sponji. Ile sponji ndio roho ya tangi, niliiweka kwenye sampu ya tangi kubwa wiki sita kabla ili bakteria waote humo, maana bila hao amonia itamuua kabla ya ugonjwa. Halafu mabomba ya plastiki ya fundi bomba, moja lilikuwa elbo (kile kipande kilichopinda) nene jeupe, kumbukeni hilo elbo. Kioo cha nyuma na pembeni nilibandika karatasi nyeusi atulie.

Siku tatu za kwanza dawa hakuna. Nilitaka ale kwanza. Kangaja aliyekaa njaa safarini tumbo linabonyea, ukimtazama kutoka mbele anakuwa mwembamba kama kisu, na mgongoni juu ya jicho kunaingia ndani. Huyo ukimpa shaba siku hiyo hiyo unamzika.

Siku ya kwanza aligoma. Ya pili aligoma. Nikachukua kipande kidogo cha jiwe chenye mwani wa nyuzi kutoka tangi kubwa (kumbuka lilikuwa limeshamaliza siku zake 76) nikamuwekea masaa mawili, akakitazama, akazunguka, akadonoa. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Siku ya tatu nikamfungia karatasi ya mwani mkavu, ule wanaoviringishia wali wa Kijapani, usiokuwa na chumvi wala mafuta wala viungo, nikaufunga kwa mpira kwenye kipande cha bomba ili uonekane kama umeota hapo. Akaumaliza. Jiwe nikalitoa ndio tukaanza shaba.

Kuna kitu nilikisoma kipindi hicho nikakipenda sana. Ndani ya utumbo wa kangaja wa kahawia wa Bahari ya Shamu mwaka 1985 wanasayansi waliandika kuhusu kiumbe kikubwa mpaka wakashindwa kuamini ni bakteria, kinafika zaidi ya nusu milimita, unakiona kwa macho. Mpaka 1993 ndio ikathibitika ni bakteria kweli, Epulopiscium. Hawa samaki wanabeba jeshi zima tumboni la kuwasaidia kwenye mwani. Mimi tangu hapo samaki wa mwani kulala njaa siku tano naona ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia.

Fundi_Pampu:
Tupe namba za shaba mkuu.

Mkia_Njano:
Nilitumia shaba iliyofungwa, ile wanaita ya kileti, kiwango cha kutibu ni sehemu 2.0 hadi 2.5 kwa milioni. Sikumpiga yote siku moja, nilipanda kidogo kidogo siku tano. Ikifika kiwango unaanza kuhesabu siku 30, na siku ikishuka chini ya hapo kwa uzembe wako unarudi moja. Kwa hiyo pima kila siku, na kila unapobadilisha maji weka shaba kwenye maji mapya KABLA hayajaingia. Na zile dawa za kupoza amonia usizitumie ndani ya hiyo shaba, zinaweza kuifungua ikawa sumu kwa samaki. Amonia ikipanda badilisha maji, mikono ipo.

Muhimu tena, soma shaba yako ni ya aina gani. Ile isiyofungwa kiwango chake ni kama 0.2, sasa ukichukua namba yangu ya 2 ukaiweka kwenye ile, samaki hana hata muda wa kukuaga.

Kwenye shaba alipunguza kula wiki ya kwanza, hiyo kawaida. Baada ya siku 30 nikaitoa kwa kubadilisha maji na kaboni (mkaa wa kuchujia maji), halafu dawa ya minyoo. Prazi, ndio hiyo hiyo prazikwanteli mnayoijua ya kichocho, ila ya matangi, 2.5 mg kwa lita, unarudia baada ya wiki ili uwapate waliototoka kwenye mayai. Ongeza hewa siku hizo maana bakteria wanaifurahia ile dawa na oksijeni inashuka. Jumla alikaa karantini wiki nane.

Kitunguu_Swaumu:
Wiki nane kwa samaki mmoja. Mkuu una moyo. Mimi nimekuelewa, ila jina sibadilishi.

Mkia_Njano:
Usibadilishe, tutakutambuaje.

Sasa vita. Wale Zebrasoma wote wana umbo moja, kama sahani yenye mdomo, na wanachukiana kwa sababu hiyo hiyo. Wangu wa zambarau, Zebrasoma xanthurum, aliyebaki kwenye ule msiba, alikuwa amekaa kwenye lile tangi kama mwenye shamba. Na wa zambarau ndio wababe kupita wote. Kanuni inasema mbabe aingie mwisho, mimi nilikuwa nimeshaivunja bila kupenda.

Nilimuweka wa madoa ndani ya boksi la plastiki lenye matundu, likining'inia ndani ya tangi kubwa. Dakika mbili wa zambarau alikuja, akalala ubavu, mapezi yamesimama yote, anautikisa mkia wenye kisu kwenye plastiki. Siku nzima. Siku ya pili nikabandika kioo cha kujitazamia nje upande mwingine wa tangi. Akajiona. Akaacha boksi akahamia kupigana na yeye mwenyewe, nikacheka mpaka machozi. Siku ya sita alikuwa anapita kwenye boksi kama hayupo, nikafungua.

Kosa langu: nilifungua mchana taa zimewaka zote. Wa zambarau alimkata mwenzake. Mstari mweupe ubavuni kama umechorwa kwa wembe. Nikamrudisha boksini. Usiku ule nikamtoa wa zambarau (kwa ndoo ya plastiki, SIO wavu, kile kisu kinanasa kwenye nyuzi na ukimvuta unamchana) nikamfungia kwenye sampu siku kumi, nikapanga mawe upya, nikamuacha wa madoa azoee kuwa mwenyeji. Kidonda kilifunga vizuri, maji safi na chakula, sikuweka dawa. Wa zambarau aliporudi ikawa yeye ndio mgeni. Walizungushana siku mbili, wakanyoosheana mapezi, basi. Leo wanakula karatasi moja ya mwani, kila mmoja upande wake.

Dogo_Sampu:
Kuna mtu alisema kangaja anaharibu matumbawe, kweli?

Mkia_Njano:
Matumbawe magumu ya matawi hayagusi kabisa. Yale yenye nyama nyingi aliwahi kudonoa moja mara mbili tatu, siku nilizochelewesha mwani. Akishiba hana habari nayo. Faida yake ni kubwa, mwani wa nyuzi kwenye mawe umekwisha, ule mdomo mrefu unaingia kwenye vipenyo ambavyo mimi na mswaki tulishindwa.

Chakula: karatasi ya mwani kila siku, mara mbili kwa siku kamba wadogo wa barafu, tembe za mwani. Vitamini naloweka mara mbili kwa wiki. Na kaboni kwenye chujio suuza vizuri sana au acha, kuna utafiti wa 2011 walifuga kangaja kwenye maji yenye kaboni wakawaona wanapata vile vishimo vya usoni na kwenye mstari wa ubavu. Mimi naiweka siku chache za mwezi tu.

Mawe_Hai:
Samahani nimechelewa, nimesoma yote. Swali langu ni gumu kidogo. Samaki umesema ametoka kwenye kina, amesafiri saa 30, amekaa kwenye sumu mwezi, amekatwa na kisu. Si bora angebaki alipo?

Mkia_Njano:
Swali la haki hilo na nimejiuliza. Jibu la kunisafisha sina. Ninachoweza kusema ni kwamba kangaja wanaishi sana, wa njano huko Hawaii wamewahi kuhesabiwa miaka 41 kwa kusoma vile vijiwe vya masikioni kama unavyosoma miti, kwa hiyo ukimchukua ujue umechukua mzigo wa miaka na miaka. Anayemnunua ili apige picha mwezi mmoja, huyo kweli angemuacha.

Na mimi nikianza leo ningetafuta waliozalishwa. Wa njano walizalishwa mara ya kwanza 2015 na Oceanic Institute huko huko Hawaii, wa bluu yule wa Paracanthurus mwaka uliofuata kule Florida. Ilichukua muda sana kwa sababu mayai yao hayafiki milimita moja, na kitoto kikitoka mdomo ni mdogo hakuna chakula kinachoingia isipokuwa vichanga vya kopepodi (vijidudu vya majini jamii ya kamba), na kinaelea wiki nyingi kabla hakijawa samaki. Wa njano wa kuzalishwa anakuja anakula tembe tangu siku ya kwanza, hana historia ya njaa. Kwa anayeanza, huyo ndio kangaja wa kuanza naye, sio wangu.

Mawe_Hai:
Nimekubali. Nakushukuru kwa kujibu bila kukasirika.

bi_mwani:
Kaka ulituambia tukumbuke elbo. Wengine tumekaa hapa tunalisubiri.

Mkia_Njano:
Hahaha nilijua mtu atauliza.

Nilipomtoa wa madoa kwenye boksi akawa hana pa kulala. Mchana anatamba, ikifika saa ya taa kuzima anazunguka tangi zima, anaingia pango hili anatoka, anaingia lile anatoka, usiku wa manane namkuta amesimama pembeni ya hita rangi imepauka. Wiki mbili hivyo. Nimepanga mapango manne kwa ajili yake, moja lina matumbawe ya rangi tatu mlangoni. Hataki.

Nikaenda stoo nikalitoa lile elbo la karantini, bomba jeupe la fundi, bado lina alama ya kalamu niliyoandika tarehe ya shaba. Bomba la plastiki kama hilo halinyonyi shaba kama jiwe linavyonyonya ila bado nililiosha, nikaliloweka siku kadhaa kwenye maji safi, nikayapima yale maji, shaba hakuna. Nikaliweka nyuma ya mawe upande wa kulia, nikazima taa. Sikumaliza hata kufunika tangi, alikuwa ameshaingia, mkia wa njano tu ndio umebaki nje.

Bado lipo. Nimeotesha matumbawe ya zambarau juu yake yalifunike, yamefika nusu. Wageni wakija wanauliza hilo bomba limeharibika nini.